Mwongozo kamili: kuona kromosomu zikigawanyika kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu

Kila muhula naletewa slaidi ileile. Mwanafunzi anaweka jicho kwenye hadubini, anaona matofali marefu ya zambarau yamepangana kama ukuta, kila tofali lina kitone kimoja ndani, kisha anainua kichwa: "Mwalimu, mbona hakuna kinachogawanyika?" Anasema kweli. Amekata sehemu ya mzizi ambayo seli zake zilishaacha kugawanyika na sasa zinarefuka tu. Hadubini haina kosa. Kosa liko kwenye wembe.

Nimeandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi waliojaribu mara mbili tatu wakaishia kunakili mchoro wa kitabuni. Mizizi huhitaji siku tatu au nne kuota, na kazi ya mezani huchukua kama saa moja na nusu. Hakuna hatua ngumu, ila zipo mbili zisizosamehe: pa kukata, na namna ya kubonyeza. Hizo nitazikalia zaidi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

- Vitunguu maji vitatu au vinne vya ukubwa wa wastani. Kitunguu saumu pia kinafaa, na mara nyingi huota mizizi haraka zaidi. Vyote viwili vina kromosomu 16 katika kila seli ya mwili.
- Glasi au chupa zenye mdomo mwembamba kuliko kitunguu, pamoja na vijiti vya meno.
- Wembe mpya, kibano na sindano ya kushonea. Wembe wa jana hauko mpya.
- Slaidi na vioo vyembamba vya kufunikia. Beba vya akiba, maana vitavunjika.
- Asidi hidrokloriki na ethanoli ya asilimia 95. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ni dhaifu kwa hatua ya kulainisha.
- Rangi. Asetokamini au aseto-orsini kama maabara yenu inayo. Kama haina, nunua GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni.
- Visahani vitatu vya kioo au vya udongo. Usitumie vifuniko vya soda, asidi itavila.
- Hadubini yenye lenzi ya 10 na ya 40, tishu laini, glavu, miwani ya kukinga macho, na saa inayoonyesha dakika.

## Hatua ya 1: Otesha mizizi

Chagua kitunguu kikavu kilichokaa kaa kidogo, na kikiwa kimeanza kuchungulia kijani juu ni bora zaidi. Kitunguu kilichotoka shambani juzi huwa bado kimelala, unaweza kukibembeleza wiki nzima bila kuona mzizi. Kwangua mizizi mikavu iliyoko kitakoni kwa kisu, lakini usikate kitako chenyewe, kwa sababu mizizi mipya inatokea humo.

Kichome vijiti vya meno vitatu ubavuni, kikalishe mdomoni mwa glasi, maji yaguse kitako tu. Ukikizamisha kitaoza. Badilisha maji kila siku, na kwenye joto la Dar es Salaam fanya hivyo asubuhi na jioni. Maji ya kisima yenye chumvi hudumaza mizizi, hivyo kinga ya mvua, au tumia ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi.

Mizizi iko tayari ikifika sentimita 1 hadi 3, ikiwa myeupe kabisa na ncha yenye rangi ya maziwa. Kwa kawaida ni siku ya tatu au ya nne. Njombe mwezi wa Juni, ongeza siku moja au mbili, maana baridi hupunguza mwendo wa seli. Mzizi uliofika sentimita 6 usikutamanishe kwa urefu wake, wewe unatafuta ujana.

## Hatua ya 2: Changanya dawa ya kulainisha

Seli za mmea zimegandishwa pamoja kwenye kuta zao, na usipoilegeza gundi hiyo mzizi utabaki bonge hata ukiubonyeza kwa tofali. Asidi ndiyo inayoilegeza, na ethanoli inaziua seli papo hapo ili kila moja ibaki katika hali iliyokuwa nayo.

Kwanza tengeneza asidi hidrokloriki ya asilimia 15: ukiwa na asidi kali ya asilimia 37, pima mililita 63 za maji, kisha mimina humo mililita 37 za asidi, polepole, huku ukikoroga. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukigeuza, maji yakaingia kwenye asidi kali, mchanganyiko unaweza kuchemka na kukurukia usoni. Kazi hii aifanye mwalimu au fundi wa maabara, kwa glavu na miwani, mahali penye hewa, mbali na moto. Wanafunzi wakute imeshafanyika.

Baadaye changanya asidi hiyo na ethanoli ya asilimia 95, sawa kwa sawa. Mililita 20 za mchanganyiko zinatosha darasa zima, kwani kila kundi linahitaji kiasi cha kufunika ncha tatu kwenye kisahani.

## Hatua ya 3: Kata milimita mbili za mwisho, na hizo tu

Shika mzizi kwa kibano upande wa kitunguu, usiuminye ncha. Uangalie kwenye mwanga. Mwishoni kabisa kuna kofia ya mzizi, seli zinazokinga ncha isichubuke inapopenya udongo. Hizo hazigawanyiki. Nyuma yake tu kuna eneo dogo, jeupe zaidi na zito kuliko sehemu nyingine. Humo ndimo seli mpya zinamozaliwa. Likiisha eneo hilo, mzizi unaanza kuonekana kama kioo, kwa sababu seli zimejaa maji na kurefuka.

Kazi yote iko kwenye lile eneo zito. Kata milimita 2 tu kutoka mwisho, unene wa sarafu ya kawaida. Mwanafunzi akiambiwa "kata ncha" hukata sentimita nzima, na hapo ameweka seli mia zilizochoka kwa kila moja inayogawanyika. Kipande kikikuonea huruma kwa udogo wake, umekata sawa.

Ukiwa na muda, kata fungu moja saa nne asubuhi na jingine saa saba mchana. Mizizi ya kitunguu kimoja haiko sawa, na vipande vingi vinakupa nafasi zaidi kuliko kutumaini kimoja.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 60 na kipindi kimoja: kata ncha nyumbani, ziweke kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi kali ya asetiki sehemu moja, ziache saa 24, kisha zihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 ndani ya friji. Zitakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Mchanganyiko huo utengeneze siku ileile ya kutumia, kwa sababu ukikaa, viambato vyake huungana na kuwa kitu kingine. Bado utazipitisha ncha hizo kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Lainisha, kisha suuza kweli kweli

Tumbukiza ncha kwenye mchanganyiko wa asidi na ethanoli kwa dakika 3 hadi 5, joto la chumba. Zijaribu kwa upande wa sindano: ikiwa ncha inabonyea kama ugali wa moto, toa. Ikiwa inaruka kama mpira, ongeza dakika moja. Ikiwa inasambaratika kwa kuguswa, umepitiliza, anza na nyingine.

Sasa hamishia kwenye maji safi, dakika 10, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Wengi huipa hatua hii sekunde 20, halafu wanashangaa rangi imegoma. GV ni rangi ya kibesi, inashika kwenye kromosomu kwa sababu DNA ni asidi. Ukiacha asidi ya kisahani kwenye tishu, rangi haitashika vizuri, na asidi itaendelea kula seli wakati wewe unatafuta kioo cha kufunikia.

## Hatua ya 5: Tia rangi

GV yenye nguvu ya asilimia 1 inahitaji dakika 3 hadi 5. Ile ya dukani mara nyingi ni asilimia 0.5, hivyo ipe dakika 8 hadi 10. Soma chupa kwanza. Ukitumia asetokamini au aseto-orsini, acha dakika 10 hadi 15, na pitisha slaidi juu ya moto mdogo mara mbili tatu, ipate joto bila kuchemka.

Ncha iliyoshika sawasawa inakuwa na zambarau iliyokolea mwishoni na hafifu nyuma. Tofauti hiyo ina maana: seli changa zina kiini kikubwa na zimesongamana, kwa hiyo sehemu yao hukolea zaidi. Ukiona kipande kizima kina rangi moja ya wino, kisuuze kidogo kwa maji.

## Hatua ya 6: Bonyeza

Weka ncha katikati ya slaidi ndani ya tone dogo la maji. Kata na utupe sehemu hafifu ya nyuma, bakisha iliyokolea. Ichanechane kwa sindano hadi usione bonge, kisha funika.

Kunja tishu mara nne, iweke juu ya kioo cha kufunikia, weka slaidi ya pili juu ya tishu, na ubonyeze kwa dole gumba, wima, kwa nguvu ya kubonyeza kengele ya mlangoni iliyokwama. Usizungushe. Usisukume pembeni. Kidole kikiteleza, seli zinabingirika moja juu ya nyingine na kromosomu zinapasuka, na hakuna ukarabati baada ya hapo. Kwa vidole vizito nashauri mguso wa kwanza uwe wa kifutio cha penseli, kugonga gonga taratibu, halafu dole gumba limalizie.

Inua tishu uangalie kwa macho matupu. Slaidi nzuri ina ukungu mwembamba wa zambarau ulioenea kwa duara. Ukiona kidoa chenye kingo kali, bado ni bonge. Bonyeza tena kabla hujaipeleka kwenye hadubini, maana huko hutagundua kosa, utaona giza tu.

## Hatua ya 7: Tafuta kwanza kwa lenzi ndogo

Anza na lenzi ya 10, sogeza slaidi taratibu. Unatafuta mtaa wa seli ndogo za umbo la mraba, zenye kiini kinachojaza karibu nusu ya chumba. Seli ndefu kama mabehewa maana yake umetoka nje ya mtaa, rudi. Ukiupata, kaza macho hapo, kisha geuza lenzi ya 40 na urekebishe kwa skrubu ndogo tu. Skrubu kubwa kwa lenzi ya 40 ndiyo iliyovunja vioo vingi vya maabara yangu.

Halafu elewa hili kabla ya kusubiri chochote: seli hizi zimekufa. Hakuna itakayosogea hata ukikaa hadi jioni. Slaidi yako ni kama picha ya stendi ya daladala iliyopigwa saa moja asubuhi: wengine wamesimama, mmoja ana mguu hewani, mwingine ameshashuka. Safari unaipata kwa kuwapanga waliomo pichani kwa mfuatano.

## Unachokiona ni nini hasa

Interfasi, kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine. Seli nyingi mno zitakuwa hapa. Kiini ni duara, rangi imeenea sawasawa, na ndani kuna nukleoli (kidoa kidogo cha duara) moja au zaidi. Usiziite seli zilizopumzika. Ndani ya muda huu, katika kipindi kinachoitwa S, DNA yote inanakiliwa. Hili ndilo kosa la mtihani linaloniumiza zaidi: mwanafunzi anaandika kwamba kromosomu hujirudufu kwenye profasi. Zilishajirudufu saa kadhaa nyuma, wakati kiini kinaonekana kimetulia kabisa. Profasi inafungasha tu mzigo uliokwisha kuandaliwa.

Profasi. Kiini bado kina umbo la duara lakini ndani kumekuwa kama uzi wa sufu uliofumuliwa. DNA inajikunja na kufupika, kwa sababu nyuzi ndefu hivyo haziwezi kuvutwa bila kufungana mafundo. Kuelekea mwisho nukleoli hupotea na utando wa kiini huvunjika. Ukiona nyuzi na nukleoli pamoja, ni profasi ya mwanzo.

Metafasi. Kromosomu zimejipanga katikati ya seli, mikono yao ikining'inia huku na huku. Kila kromosomu sasa ina nakala mbili, ziitwazo kromatidi, zilizoshikana mahali paitwapo sentromia. Seli ikilala upande mwingine chini ya kioo, utaiangalia kutoka juu, na mstari utaonekana kama ua lililochanua. Hiyo nayo ni metafasi, wengi huipita wakidhani ni profasi. Seli haiondoki hapa mpaka kila kromosomu imeshikwa na nyuzi za spindeli, zile zinazovuta kromosomu, kutoka pande zote mbili. Moja tu ikiwa haijashikwa, zote zinasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakozuia seli mpya kupata kromosomu pungufu.

Anafasi. Ruhusa ikitoka, kohesini, protini iliyozishikilia kromatidi pamoja, hukatwa, na kila kromatidi inavutwa upande wake. Tazama umbo: herufi V nyingi, kona ikiwa mbele na mikono nyuma. Kinachovutwa ni sentromia, mikono inaburutwa kama kanga iliyoshikwa katikati. Kuanzia hapa kila kromatidi inahesabiwa kuwa kromosomu kamili. Kwa hiyo seli ya kitunguu kwenye metafasi ina kromosomu 16 zenye kromatidi 32, na kwenye anafasi ina kromosomu 32, 16 zikienda kila upande. Mkichanganyikiwa, hesabuni sentromia. Idadi ya sentromia ndiyo idadi ya kromosomu, siku zote.

Telofasi. Mafungu mawili yamefika ncha mbili za seli na yanaanza kulegea kuwa viini. Katikati kuna mstari mwembamba: ukuta mpya unaojengwa kutoka katikati kwenda nje. Seli ya mnyama ingejibana kiunoni, ya mmea haiwezi kwa sababu ya ukuta wake mgumu. Na usichore sentrioli, vile vijiti vidogo vya seli za wanyama, kwenye mchoro wako wa kitunguu. Hazimo. Mchoro wenye sentrioli unamwambia msahihishaji kwamba umenakili kitabu.

Pia usitafute meiosisi hapa. Huo ni mgawanyiko wa kutengeneza gameti, yaani seli za uzazi, na mzizi hautengenezi gameti. Kwa meiosisi utahitaji kichomozo cha ua ambacho hakijafunguka, ukatoe chavulio changa.

## Hatua ya 8: Hesabu

Hesabu seli 300 au 400 kwenye sehemu tofauti za mtaa, ukiandika kila moja iko hatua gani. Usichague zile nzuri. Kisha gawanya idadi ya zilizo kwenye mgawanyiko kwa jumla ya seli zote, zidisha kwa 100.

Tuseme umehesabu seli 400, ukapata profasi 18, metafasi 6, anafasi 3, telofasi 5. Jumla 32, sawa na asilimia 8. Sasa chukulia mzunguko mzima unachukua saa 20, yaani dakika 1,200. Anafasi ni 3 kati ya 400, hivyo inachukua kama dakika 9. Profasi dakika 54. Interfasi, yenye seli 368, inabaki na saa 18 na dakika 24. Ndiyo maana anafasi ni adimu hata kwenye slaidi safi: inapita upesi, si kwamba umekosea. Ukikosa anafasi kwenye seli 100 usitupe slaidi.

## Ikiwa unataka kuziona zote 16

Kwenye slaidi ya kawaida kromosomu hulaliana, ukipata kuhesabu 11 au 12 umefanya vizuri. Ili zitawanyike, chukua kitunguu chenye mizizi hai, ukikalishe juu ya maji ya barafu ndani ya friji kwa saa 24, kisha kata na uendelee kama kawaida. Baridi inabomoa nyuzi za spindeli, kromosomu zilizokwisha kujikunja zinakosa wa kuzivuta, na seli zinakwama hapo. Matokeo yake metafasi zinakuwa nyingi na anafasi zinakosekana. Kwa hiyo fungu hili lisitumike kwenye hesabu ya hatua ya 8. Zipo maabara zinazotumia kolkisini kwa kazi hiyohiyo. Ni sumu kali, na barafu inatosha.

## Slaidi ikigoma

Seli ndefu tupu: rudi hatua ya 3. Bonge jeusi: asidi haikukaa muda wa kutosha au hukubonyeza. Kila kitu hafifu: hukusuuza. Viini vipo, umbo la mraba lipo, lakini interfasi tupu: mizizi ilizeeka, ilipata baridi, au maji yalikuwa machafu, otesha upya. Kila kitu zambarau sawa, hata kuta: rangi imezidi, pitisha tone la maji upande mmoja wa kioo huku ukifyonza kwa tishu upande wa pili.

Slaidi iliyokubali usiioshe kipindi kikiisha. Zungushia rangi ya kucha kingo za kioo cha kufunikia, iweke kwenye friji ikiwa imelala, na itadumu siku kadhaa kabla haijakauka, muda wa kutosha kwa mkondo mwingine kuitumia. Asidi iliyobaki ipunguze kwa maji mengi kabla ya kuimwaga. Na GV ya vidoleni usihangaike nayo kwa sabuni, spiriti huitoa kiasi, nyingine itaondoka na ngozi ndani ya siku chache.